Somo la Uraia la Mwalimu Fisi

Sogeeni karibu, na anayetafuna ameze kwanza, maana kisa hiki kina fisi ndani yake na sitaki tamaa nyingine hapa.

Mvua iligoma katika Nyika ya Ndolela. Mito ikakauka, madimbwi yakageuka vumbi, yakabaki maji ya mahali pamoja tu, Kisima cha Jiwe Pana. Mlinzi wake, Mzee Kobe, akasema amechoka, miguu haimtii tena, atafutwe mwingine. Na mlinzi wa kisima si cheo kidogo, jamani. Yeye ndiye anayepanga nani ateke, ateke saa ngapi, na aende na nani.

Huko Ndolela uchaguzi ni wa kupaza sauti. Kila anayebeba kibuyu cha maji ana sauti, awe mzee au mtoto, na Tembo kwa masikio yake yale ndiye anayesikiliza na kumtangaza mshindi. Wakubwa waliusifu sana utaratibu huo kwamba haubagui. Hakuna aliyewaza kwamba wabeba vibuyu wengi ni watoto, kwamba watoto hao hushinda shuleni, na kwamba mwalimu wao ni Fisi.

Msiniulize nani alimpa Fisi ualimu. Wazazi walitafuta mtu wa kushinda na watoto wao, akajitokeza yeye peke yake, tena anatabasamu. Wakamshukuru Mungu, wakaenda zao.

Mwalimu Fisi alifundisha kwa kuitikiwa. Yeye anauliza, darasa zima linajibu kwa pamoja. Mwanzoni yalikuwa mambo ya mbili na mbili. Mzee Kobe alipotangaza kupumzika, hesabu zikafutwa ubaoni siku hiyohiyo.

"Watoto, anayefaa kulinda kisima ni nani?"

"Mwalimu Fisiii!"

"Mpole kuliko wote ni nani?"

"Mwalimu Fisiii!"

"Sijasikia! Nyie mmekula kweli?"

"Mwalimu Fisiii!"

Ikawa hivyo asubuhi, ikawa hivyo mchana. Mtoto aliyeuliza swali alisimamishwa kwa mguu mmoja nje, juani.

Sasa palikuwa na swala mmoja, Mama Nyamizi, mwenye mtoto mmoja tu, huyo Nyamizi. Jioni moja alirudi malishoni koo limemkauka, akakuta kibuyu kitupu.

"Nyamizi! Nani kamaliza maji?"

"Mwalimu Fisiii!" mtoto akajibu palepale, huku midomo yake ingali imelowa.

Mama akamwangalia. "We mtoto, unanitania?"

"Hapana, mama. Ukiulizwa nani, ndivyo unavyojibu."

"Makubwa! Na nini kingine mmefundishwa?"

"Kwamba Mwalimu akipata kisima, watoto tutakwenda kuteka maji alfajiri peke yetu. Wazazi mtapumzika."

Mama Nyamizi aliposikia hayo alikaa chini kwa kishindo. Alfajiri, watoto peke yao, na mlinzi ni Fisi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alimvuta Nyamizi kifuani.

Kesho yake alifika shuleni. "Habari za kazi, Mwalimu. Nimekuja kuuliza, siasa zimeingiaje darasani?"

"Siasa?" Fisi akashika kifua. "Astaghafiru, Mama Nyamizi! Siasa mimi siijui. Hilo ni somo la Uraia."

"Uraia gani wenye jina lako?"

"Angefundisha mwingine, likatajwa jina la Simba, hiyo sasa ndiyo ingekuwa siasa. Tena ingenikera sana, maana watoto ni malaika." Alisema hivyo huku mate yakimdondoka. Akayafuta kwa kifutio cha ubao.

Mama Nyamizi akamwendea Simba, aliyekuwa akiwania kisima kwa kulala tu. Simba alimsikiliza mpaka mwisho, manyoya ya shingoni yakasimama.

"Ati watoto wanaitikia jina la Fisi darasani? Ni aibu kubwa!"

"Ndiyo, mzee. Aibu."

"Jina langu je, kwa nini haliitikiwi? Nenda ukamwambie alifute la kwake aandike la kwangu, kwa herufi kubwa. Na anichore na manyoya yangu."

Mama Nyamizi akaondoka amechoka kuliko alivyokuja. Njiani akakutana na Sungura, anayejulikana nyika nzima kwa ujanja. Akamsimulia yote, hata habari ya kibuyu. Kisa kilipofika kwenye kibuyu, Sungura alisimama, masikio yakatikisika.

"Ngoja kwanza. Ulimuuliza nani kamaliza maji, akasema Fisi?"

"Na maji kayanywa mwenyewe!"

"Basi nenda kalale, Mama Nyamizi. Nitamsaidia Mwalimu kuwasahihishia watoto wake."

Siku ya uchaguzi wote walikusanyika Jiwe Pana. Simba aliketi juu ya mwamba akisubiri kuombwa. Fisi alisimama mbele ya wanafunzi wake, waliopangwa kwa mistari, vibuyu mikononi, na tumbo lake lilikuwa linanguruma mpaka safu ya nyuma. Mama Nyamizi alikuwa pembeni, hamwachi mwanawe kwa macho. Sauti za watoto zikipita leo, kesho alfajiri Nyamizi wake atakwenda kisimani peke yake.

Sungura akapita mbele, akainamisha kichwa kwa Tembo. "Mheshimiwa, watoto hawa ni wengi na wadogo. Niruhusu niwaulize kwa mtindo waliouzoea, wasibabaike."

"Ruksa," akasema Tembo. Fisi naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

"Watoto, anayefaa kulinda kisima ni nani?"

"Mwalimu Fisiii!" Vumbi likatimka. Fisi akacheka kile kicheko chake.

"Mpole kuliko wote ni nani?"

"Mwalimu Fisiii!"

"Na aliyemla mtoto wa kondoo wakati wa kiangazi kilichopita ni nani?"

"Mwalimu Fisiii!"

Kicheko kikakatika. "Ah, hapo... swali hilo halimo kwenye somo!"

Sungura hakumtazama. "Na mkienda alfajiri peke yenu, atakayewatafuna mmoja mmoja ni nani?"

"Mwalimu Fisiii!"

Nyamizi, mstari wa mbele, kinywa kikabaki wazi. Akageuka kumtafuta mama yake.

"Mama, tumesema nini?"

"Waongo!" Fisi akaruka. "Tembo, usiwasikilize! Hawa hawajui wanachosema! Mimi nimewazoesha kuitikia tu, ungewauliza chochote wangejibu hivyohivyo!"

"Chochote?" akauliza Tembo taratibu.

"Chochote! Naapa! Hawana wanalolijua!"

"Basi na zile sauti mbili za mwanzo nazo hawakujua walichosema. Nazifuta. Asiye mwanafunzi na anamtaka Fisi, apaze sauti."

Ikasikika sauti moja tu, na mwenye sauti hiyo mnamjua. Aliondolewa ualimu siku hiyo, akapangwa wa mwisho kwenye foleni ya maji, nyuma ya nyumbu wote, na nyumbu wa Ndolela wanakunywa kweli. Simba naye hakupata kitu, kwa sababu alikataa kuomba. Mzee Kobe alibebwa akarudishwa kisimani huku analalamikia miguu yake. Mama Nyamizi alilia hadharani bila kuona haya, na jioni hiyo alikwenda kuteka maji bega kwa bega na mwanawe.

Ualimu akapewa Sungura, kwa kuwa ndiye aliyewaokoa watoto. Siku ya kwanza aliingia darasani kajichana masikio, akaandika hesabu ubaoni, watoto wakahesabu kwa vijiti, mambo yakaenda vizuri. Kisha akaweka chaki chini, akakohoa kidogo.

"Haya, watoto wazuri. Na mnyama mwerevu kuliko wote hapa Ndolela ni nani?"

Watoto wakatazamana. Sungura akasubiri, akaanza kuwasaidia kwa midomo, "Su... Su..."

Nyamizi akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "hilo nalo ni somo la Uraia?"

Sungura akamtazama, akautazama mlango, akaiokota chaki.

"Mbili na tatu," akasema, "ni ngapi?"

Na watoto wakainama kuhesabu vijiti vyao, kila mmoja vya kwake.