Bi Pimbi na Chungu cha Mlinzi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga, wakapika na kuteta kama majirani, kilikuwepo kijiji cha nyumba nne tu. Humo aliishi Bi Pimbi, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili.

Kila kijiji kilikuwa na mlinzi wa kisima, naye alilishwa kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Mlinzi wa kina Bi Pimbi alikuwa Ngiri. Wee! Chungu kizima cha kunde kila siku! Alinde nyumba nne, alinde mia, tumbo lake ni lile lile. Kila siku ya nne zamu ilimwangukia Bi Pimbi, na wanawe wakalala na njaa. Mimi ninayesimulia inaniuma, sembuse mama yao.

Akavuka kijito mpaka kwa Jumbe Tembo, mwenye kijiji cha nyumba arobaini.

"Shikamoo, Jumbe. Tupokee kijijini kwako, tumlishe mlinzi mmoja."

"Marahaba. Thubutu! Vijumba vinne hivyo? Mila yasemaje? Anayesikia baragumu langu ndiye mtu wangu. Ninyi mnalisikia?"

"Hatulisikii, Jumbe. Twalisikia la Nyati, ng'ambo ya kilima. Lile ndilo baragumu! Hili lako, wanangu hudhani ni mbu."

"Mbu?!"

"Tena mbu mgonjwa, Jumbe."

Masikio ya Tembo yakapepea, pwa! pwa! "Kesho asubuhi utanisikia!"

Kulipokucha Tembo akapanda kichuguu, akavuta pumzi, akapuliza: Puuuuuuu! Majani yakapukutika. Kanga wawili wakazirai.

Mara, tapu tapu tapu! Watu wa nyumba zote nne hao waja mbio, mikeka na vyungu vichwani. "Labeka, Jumbe! Tumesikia!"

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Ngiri, aliyeachwa peke yake, akaenda kujichimbia mizizi.

"Umenichezea shere, Bi Pimbi!" Tembo akafoka.

"Mimi? Jumbe, zamu ya nyumba yako ilifika kila siku ya arobaini. Sasa itafika kila siku ya arobaini na nne. Nimekuibia nini?"

Tembo akahesabu vidole vya miguu yote, akarudia tena. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akipika, hakungoja ajibu. Alimpokea Bi Pimbi mkeka, akamnong'oneza, "Shoga, huna majirani wengine?"

Basi wanangu, tumbo la mlinzi halikui kwa wingi wa nyumba; wapishi wakiongezeka, mzigo wa kila mmoja hupungua.