Bi Mashavu Hana Karatasi

Bi Mashavu alizaliwa upande huu wa mpaka, akazeekea hapa hapa, wala hakuwahi kuvuka hadi binti yake alipojifungua ng'ambo. Nani mwingine wa kumpikia mzazi uji? Akajitwika tenga la kuku, akafika kwenye kizuizi cha mpakani mbio mbio.

"Pasipoti?" akauliza Afande Kirungu.

"Sina, baba."

"Kadi ya chanjo ya homa ya manjano?"

"Sina. Ila nina mjukuu hapo ng'ambo, hata jina bado!"

"Bila karatasi huvuki, mama. Hata ungoje mpaka mjukuu aote ndevu!"

 Bi Mashavu akapiga vigelegele, akatandika kanga mbele ya ofisi, akaketi na kunyoosha miguu.

"Ahsante, baba! Nilidhani mtanifukuza. Kumbe nakaa tu!"

"Tukufukuze kwa nini?"

"Si niliingia huku kwenu kwa njia ya panya? Na maji yenu yalivyo matamu, sitoki ng'o!"

Afande akaruka kama aliyekalia siafu. "Mhamiaji haramu, mbele ya ofisi yangu! Simama!"

"Sivuki! Umesema mwenyewe!"

"Utavuka leo leo!"

Akamshika mkono, tenga akalibeba mwenyewe, akamkabidhi kwa mlinzi wa ng'ambo. "Huyu wenu. Mchukueni!"

Mtoto alipotimiza arobaini, Bi Mashavu akarudi kizuizini, safari hii upande wa ng'ambo, akakuta mlinzi mwingine asiyemjua.

"Karatasi, mama?"

"Sina, baba," akasema, huku akitandika kanga.