Ukimya wa Verlon

Asubuhi hiyo ya Januari ziwa la Enid, kule Mississippi, lilikuwa limetulia tuli kama maji ya mtungini. Baridi ilichoma masikio, na visiki vya miti iliyozama vilichomoza hapa na pale, kwani maji yalikuwa yamepunguzwa kama kila majira ya baridi.

Verlon Pickard alikuwa bingwa wa kuvua krapi, samaki bapa mwenye madoa meusi, ambaye baridi ikizidi hushuka kilindini na kukaa bila kujitikisa. Lakini mwezi Mei kiharusi kilimwangusha, kikamnyang'anya nguvu za mkono wa kulia na maneno yote. Tangu hapo mkewe, Odessa, aliongea kwa niaba yao wote wawili, mchana kutwa, kana kwamba akinyamaza nyumba itawaangukia.

"Wifi, unamtesa bure," alisema Clemmie, dada yake Verlon, akimfunga kaka yake skafu pale gatini. "Hata hajui yuko wapi. Uza hii boti, umtafutie pahali atunzwe."

"Boti siuzi. Mume wangu hajapotea, wifi. Amenyamaza tu."

Odessa hakuwahi kuvua maishani mwake. Aliendesha boti mpaka Verlon alipomwonyesha kwa kidevu pa kusimama, akashusha ndoano yenye kisamaki cha chambo. Kisha akaanza kusimulia: paa linalovuja, mchungaji mpya, bei ya mayai. Kila mara aliuinua ufito wa kuvulia kutazama kama kuna kitu. Saa mbili zikapita patupu.

Ndipo Verlon alipounyoosha mkono wa kushoto, akauweka juu ya mkono wa mkewe mpaka ufito ukatulia. Odessa naye akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu Mei. Alisikia pumzi za mumewe. Machozi yakamtiririka, asiyafute.

Muda mrefu baadaye mshipi ulilegea kidogo tu. Odessa alidhani chambo kimeanguka.

"Yuko."

Aligeuka. "Umesemaje?"

Verlon alikunja uso kama mtu anayejitwika gunia. "Yuko. Taratibu. Mdomo wake... karatasi."

Odessa akavuta taratibu, asije akauchana mdomo wa samaki, mwembamba kama karatasi, hadi krapi mpana kama sinia, mzito wa karibu kilo moja na nusu, akalala miguuni pao. Hakumtazama samaki. Aliutazama mdomo wa mumewe.

"Sema tena, mpenzi. Chochote."

Verlon alifikiri sana. "Dess," akasema, "unaongea mno."

Odessa alicheka hadi boti ikayumba.

Gatini Clemmie aliwangoja, mikono kwapani. "Haya, wifi, mmepata wangapi?"

"Mmoja," alijibu Verlon. "Mkubwa."

Clemmie aliketi kwenye mbao pale pale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa viganja. Kaka yake akamwekea mkono begani. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.