Gita Lilipojifunza Kupokea

Nyinyi mnaokuja kwangu kujifunza gita hulalamika kwamba nawachapa vidole kila mwimbaji anapofungua kinywa. Leo nitawaambia sababu, kisha mnishukuru au mninunie, shauri yenu.

Zamani gita na sauti viliondoka pamoja na kufika pamoja, kama watu wanaogombea njia. Gita lilipigwa kwa nguvu toka mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Watu walicheza, wakatoka jasho, wakaenda zao. Wimbo ulisema nini, hakuna aliyejua.

Wakati huo, huko milimani, aliishi mwanamke mwimbaji aitwaye Mkawasi. Mpigaji wake alikuwa shemeji yake Mwakio, aliyemwoa dada yake. Mwakio alikuwa na vidole vyepesi, naye alilijua hilo kupita kiasi.

Mkawasi alitunga wimbo wa kumshukuru mama yake, aliyemlea kwa shida. Mara tatu aliuimba mbele yake, na mara tatu mama akamwambia, "Gita limelia vizuri, mwanangu. Ulikuwa unaimba nini?" Masikio ya mama yalizidi kuziba kila masika. Mkawasi alijua kwamba asiposikika mwaka ule, hatasikika tena, na jambo hilo lilimuuma sana.

Siku ya mavuno alipanda kwenda kwa mama na mkungu wa ndizi kichwani. Mwakio akamwona, akateremka mbio. "Shemeji, nikupokee," akasema, akautwaa mkungu na kumfuata nyuma, polepole, kwa mwendo wa mwenye mzigo.

Mkawasi akasimama njiani. "Shemeji, ndizi unanipokea. Mbona wimbo unanipokonya?"

Mwakio akautua mkungu, akautazama, kisha akaubeba tena hadi nyumbani.

Jioni, uani, akapiga nyuzi chache peke yake. Mkawasi alipovuta pumzi, Mwakio akalegeza mkono, gita likawa linanong'ona. Ubeti wa kwanza ukapita wazi, na mama akainua kichwa. Katika ubeti wa pili akasikia habari ya kanga aliyoipasua vipande viwili, kimoja cha kumfunika mtoto mvuani.

"Kumbe unakumbuka," mama akasema.

Sauti ya Mkawasi ikakatika kwa machozi. Hapo Mwakio akampokea: akaubeba wimbo peke yake, taratibu, mpaka pumzi ya mwenyewe iliporudi.

Wimbo ulipokwisha, mama alimshika bintiye mikono yote miwili. Kisha akamgeukia Mwakio. "Na wewe mkwe wangu, ahsante kwa kuninyamazia."

Na tangu siku hiyo gita hutangulia kidogo, hushuka mwimbaji aingiapo, na kati ya ubeti na ubeti hulia peke yake. Wengi hudhani hapo mpigaji anajionyesha. Hapo ndipo Mkawasi alipokuwa anafuta machozi, nami kila nikipafika humshukuru, kwa maana hata mimi nilikuwa na mama wa kumshukuru.