Fisi Adungwa Sindano ya Mama Swala

Masikio yapo?
— Yapo!
Yote mawili?
— Yote!
Haya, namwaga. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza.

Kulikuwa na zahanati ya wanyama. Mkubwa wake Fisi, mtunza mafaili wake Pimbi, kanyama kadogo kanakoenea kwenye kikapu. Mafaili yote ya wagonjwa yalikaa ndani ya kompyuta moja.

Siku moja muuza programu akamnong'oneza Fisi, "Ukiweka mfumo wangu mpya kabla ya Jumamosi, paja la nyati ni lako." Fisi mate churuu. Akamwita Pimbi.

"Kesho asubuhi weka mfumo mpya."

"Mkubwa, kesho ni kliniki ya wajawazito. Tusubiri Jumapili, tumefunga. Nitoe nakala ya mafaili kwanza, nijaribu kwanza."

"Nakala ni uoga. Nimesema kesho."

"Ndiyo, mkubwa."

Ndiyo ya mdomoni hiyo. Pimbi akatoka, akatoa nakala, akaiweka kwenye kompyuta kuukuu ya stoo. Humo akauingiza mfumo mpya. Ngurr, ngurr, tii! Akachungulia. Majina yamebaki, magonjwa yamehama! Pimbi akacheka hihihi, kisha kicheko kikamkauka. Alimkumbuka Mama Swala: mimba ya miezi minane, na penisilini humfunga koo.

Asubuhi akaiondoa kompyuta ya kweli mezani kwa nesi, akaweka ile ya stoo. "Mkubwa, tayari. Nani awe mgonjwa wa kwanza?"

"Nani mwingine? Mimi na kidonda changu." Fisi hajawahi kuwa wa pili, hata kwenye foleni ya uji.

Nesi Nungunungu, ambaye hufuata faili tu, akasoma. "Fisi. Mjamzito, miezi minane. Nyama marufuku, mchicha kwa wingi. Sindano ya pepopunda."

"Nesi, mimi dume."

"Faili halijasema hivyo. Toa bega."

Chwi! Fisi akalia uwiii. Wajawazito kwenye benchi wakashika matumbo kwa kucheka, Mama Swala akiwa wa mbele.

"Faili hili la nani?" Fisi akafoka.

"La Mama Swala," akasema Pimbi taratibu. "Na lako la kidonda limekwenda kwake. Lako linasema penisilini. Wewe ukitibiwa kwa lake, unachekwa. Yeye akitibiwa kwa lako, anazikwa."

Fisi akamtazama Mama Swala, jasho tiriri. "Rudisha mafaili, Pimbi. Nakuomba."

"Andika kwanza."

Fisi akaandika kwa mkono wake: nakala kwanza, jaribio kwanza, Jumapili. Akapiga muhuri, ngo! Pimbi akairudisha mezani kompyuta ya kweli, ambayo hakuwa ameiwekea mfumo mpya hata kidogo.

Muuza programu akarekebisha mfumo wake, na Jumapili ukaingia salama. Paja la nyati likaenda na Jumamosi yake. Mama Swala alipokuja kujifungua, faili likasema: penisilini hapana. Akazaa pacha, wote wazima.

Ngano yangu imeishia hapo. Mwenye swali akamuulize Fisi, ila asimguse bega.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mtiini mkubwa wenu, msimdanganye hata siku moja. Ikibidi kumdanganya, toeni nakala kwanza.