Magunia Kumi ya Lugendo

Soma hii ukiwa umetulia, na kama una mwenzi, mpelekee naye asome.

Mkulima mmoja, Lugendo, aliishi na mkewe Nambua upande mmoja wa mpaka, lakini shamba lake la maharage lilikuwa upande wa pili, kwa mfalme jirani. Jumatatu huvuka, Jumamosi hurudi nyumbani, hula, hulala, kisha huyo anavuka tena.

Mwaka huo alipovuna magunia kumi, karani wa ushuru alimwita.

"Wewe si wa hapa, na umeoa. Sasa chagua: tukuhesabu peke yako, au wewe na mkeo? Wa peke yake huachiwa magunia matano, yanayozidi ni ya mfalme. Wawili huachiwa kumi, ila mavuno ya mkeo ya kule kwenu nayo tunayajumlisha. Ukishachagua, hubadilishi."

Lugendo akashangaa. Mahindi ya Nambua yanamhusu nini mfalme asiyemjua? Akapiga hesabu kichwani. Mkewe huvuna magunia kumi kila mwaka. Wakihesabiwa pamoja ni ishirini, mfalme atachukua kumi. Akiwa peke yake yataondoka matano. Yalimuuma, kwani ndiyo chakula cha nusu mwaka, lakini afadhali hayo.

Hata hivyo akamuuliza mpagazi, akamuuliza fundi cherehani, akamuuliza na muuza kahawa. Wote wakamwambia, "Peke yako, bwana! Usijitie kitanzi."

Akanyoosha kidole gumba aweke alama.

"Mkeo kavuna mangapi?" karani akauliza.

"Kumi."

"Amekwambia?"

Lugendo akabaki na kidole hewani. Aliomba apewe siku moja, akavuka kwenda nyumbani.

Nambua akamfungulia ghala. Tupu! Viwavi walikuwa wamemaliza mahindi yote.

"Na ule ugali niliokula Jumapili?"

"Unga wa kuazima kwa jirani."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila ukija unanisimulia ya ng'ambo. Ya hapa hujawahi kuniuliza."

Lugendo aliona aibu hata akashindwa kumtazama. Kesho yake walivuka wote wawili, wakaweka alama zao kwenye mstari mmoja, wahesabiwe pamoja. Magunia yote kumi yakarudi nyumbani, na la kwanza wakampelekea jirani.

Funzo: Usimpigie mwenzi wako hesabu kabla hujamuuliza hali yake.