Chakula cha Ungando

Hapo zamani, katika mji wa Mwangaleni, palikuwa na jela ya chumba kimoja na sheria moja: aliyeshtaki ndiye humlisha mfungwa, na si mwingine. Kila adhuhuri alete chakula kwa mkono wake. Siku tatu zikipita mfululizo bila chakula chake, mfungwa huachiwa. Waliotunga sheria hiyo walitaka watu wafikiri kabla ya kumfunga mtu. Ikawa wenye mashamba walifunga watu miaka na miaka, na wenye sufuria moja walisamehe ndani ya mwezi.

Bi Nasikia alikuwa na sufuria moja. Hakusamehe.

Binti yake, Tausi, alikuwa na miaka sita. Jirani yao Ungando, amelewa, aligombana na mwenzake akamrushia mchi. Mchi ukampata Tausi, akafa. Mji mzima ukapiga kelele: "Afungwe!" Bi Nasikia akashtaki, Ungando akafungwa. Kelele zikaisha, watu wakaenda kula kwao. Bi Nasikia akakoka moto.

Akapika mwaka wa kwanza. Akapika mwaka wa pili. Akapika hadi wa saba. Alijua kwamba Ungando hapendi bamia, anapenda ukoko. Wafungwa wengine waliachiwa mmoja mmoja, akabaki Ungando peke yake, na Chande mlinzi wa mlango.

Mwaka huo wa saba homa ikamlaza Bi Nasikia. Siku ya kwanza hakuinuka. Ya pili hakuinuka. Ya tatu hakuinuka. Siku ya nne akaenda jela kwa mkongojo, sahani mkononi.

"Afadhali leo umeleta ugali, mama," Ungando akasema. "Ule muhogo wa siku tatu ulinishinda. Chumvi tupu."

"Muhogo gani? Mimi nilikuwa kitandani."

Wote wawili wakamgeukia Chande. Chande akatazama miguu yake.

Wakaenda kwa Jumbe, mkuu wa mji. Watu wakajaa barazani.

Ungando akasema: "Siku tatu zimepita, niachieni. Mchi niliurusha mara moja. Lakini miaka saba, kila mlango ukifunguliwa, naona uso wa mama yake. Mnadhani nilikuwa nakula?"

"Na ukoko je?" mtu akadakia. Watu wakacheka.

Chande akasema: "Muhogo niliupika mimi, nikamwambia umetoka kwa mama. Nilidanganya. Lakini mama alikuwa hoi, nikamlindia haki yake. Tena huyu ndiye mfungwa wa mwisho. Akitoka, jela inavunjwa."

"Sema kweli, Chande, unalilia kazi!" mtu akamkatiza.

"Naililia. Miaka thelathini nimekaa kwenye mlango ule ule, na sikumuua mtu. Mimi alinifunga nani?"

Bi Nasikia aliwasikia wote. Nyumba yake na ya Ungando zilichangia ua. Ungando akitoka, jioni hiyo hiyo atamsikia akikohoa nyuma ya makuti. Asipotoka, kesho atakoka moto.

"Jela ivunjwe!" wakapiga kelele huku.

"Ivunjwe, halafu huyu akalale kwako?" wakajibiwa kule.

"Nyamazeni," Bi Nasikia akasema. "Tausi nilimpikia miaka sita. Huyu nimempikia saba. Nyote mlitaka haki, mkaniachia mimi niipike. Nani kati yenu alileta hata kibaba cha unga?"



Jumbe naye hakutaka lawama. Akautoa ufunguo wa jela, akauweka mkekani. "Auchukue anayestahili," akasema. "Akitaka afunge, akitaka avunje."

Ungando akanyoosha mkono. Chande akanyoosha mkono. Bi Nasikia hakuwa na mkono mtupu: mmoja ulishika mkongojo, mwingine sahani, na ugali ulikuwa umeshapoa.

Nanyi mliokaa hapa mmeshiba, msinitazame mimi. Semeni: kati ya watatu hawa, nani alistahili kuushika ufunguo ule?